Shangazi, nimlipie mdogo wangu deni la kubeti?

*Shangazi shikamoo. Nauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuoni hapa hapa mjini, anasoma uhasibu. Mwaka jana alikula ada yote kwenye kubeti, na ada hiyo mama yetu wa Mufindi aliipata kwa kuuza miti yake ya paina kabla haijakomaa. Mama hajui mpaka leo, niliifidia mimi. Akaapa ameacha, na kweli miezi minne alitulia, hata kwaya akawa anaimba. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilipoingia mwezi uliopita, siku tatu likawa limeisha. Sasa anadaiwa laki nne na themanini, sehemu kubwa ni mikopo ya kwenye simu, na wanaomdai wananitumia meseji za matusi mimi na watu wengine aliowasevu. Juzi akaniambia, "Dada, bora nisingezaliwa." Pesa ninayo, ni ya kikoba. Nimlipie? Nimwambie mama? Au ile miezi minne alikuwa ananichezea tu?*
*Dada Mtu, Mbeya*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza maswali matatu, lakini mimi naanza na lile ambalo hukuliuliza. Kijana anayedaiwa, mwenye aibu, akisema bora asingezaliwa, haambiwi "acha maneno hayo". Mfuate getoni kwake leo. Usipige simu, nenda. Mkae wawili, umuulize waziwazi: unafikiria kujiua? Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo. Halimpi. Mwenye wazo hilo hupumua akipata pa kulisemea. Akikubali, au akinyamaza kwa namna inayokutia hofu, asilale peke yake usiku huo, na mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, muone watu wa afya ya akili. Deni halikimbii.

Sasa hiyo laki nne na themanini. Usimtumie.

Sisemi asisaidiwe. Nasema mwaka jana ulishalipa mara moja, kimya kimya, na matokeo yake umeyaona. Ulilipa kwa upendo, silaumu, lakini ulichokinunua ni siri. Siri ile ikampa nafasi ya kubaki peke yake na simu yake, bila mtu wa kumuuliza bumu limekwenda wapi. Ukilipa tena vile vile, kichwani mwake deni litakuwa limefutika na mkeka unaofuata, yaani tiketi ya kubeti timu kadhaa kwa pamoja, utakuwa "wa kurudisha tu pesa ya dada". Kukimbiza pesa iliyoliwa ndiko kunakowamaliza wanaobeti, kuliko hata tamaa ya utajiri.

Kwa hiyo anza na karatasi. Aandike kwa mkono wake kila anayemdai, kiasi alichokopa, kiasi kilichofikia, na tarehe. Vyote, pamoja na elfu tano za mwenzake wa chumba. Utashangaa: mara nyingi deni la kwanza kutajwa si lote. Mkishakuwa na orodha, gawanyeni. Kwa hizo programu za simu, angalieni kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kufungia programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kukutukana wewe kwa deni ambalo hukukopa, eti kwa sababu namba yako imo kwenye simu yake, si utaratibu wa kudai. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake hupokea malalamiko. Hifadhi hizo meseji zote, usizifute kwa hasira. Wakopeshaji halali awasiliane nao yeye mwenyewe aombe kulipa kidogo kidogo. Na chochote utakachoamua kuchangia, kilipe wewe moja kwa moja kwa anayedai, kisipitie mkononi mwake hata kwa dakika tano. Ada nayo ni hivyo hivyo: akupe kontrolo namba, ulipe mwenyewe, ubaki na risiti.

Pesa ya kikoba usiiguse. Ile ni ya wanawake wenzako pia. Na asithubutu kwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba za kuumiza, kulipia deni la simu.

Kuhusu ile miezi minne. Hakuwa anakuchezea, na naomba hili ulishike hata kama sasa hivi una hasira naye. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomzidi mtu nguvu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, tena katika kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Anayeacha pombe huteleza, na huyu pia. Kuteleza hakufuti miezi minne, kunaonyesha tu mahali ambapo ulinzi haukuwepo. Na kwa mdogo wako mahali penyewe panajulikana: siku bumu lilipoingia. Kijana ambaye kwa wiki kadhaa amekula kwa kuhesabu anaamka na pesa ya kula ya miezi kwa mkupuo mmoja, kwenye simu ile ile yenye ule mchezo wa ndege, ambao dau lako hukua ndege ikipaa, na usipotoa pesa kabla haijaanguka umeliwa. Mkeka wa mpira angalau hukusubirisha hadi mechi iishe. Kale ka ndege mzunguko wake ni sekunde, saa nane za usiku kanaruka, na kila kakianguka unajiambia ungetoa mapema kidogo tu. Na kwenye mkeka, mtu aliyekosa kwa timu moja hajisikii ameliwa, anajisikia amekaribia.

Naona kuna ndugu watakuja na hesabu wamfundishe. Hesabu iko wazi. Mkeka wa timu kumi, kila moja odi 1.50, yaani ikishinda dau linazidishwa mara 1.50, na zote lazima zishinde: tuseme kila timu ina nafasi 63 kati ya 100 ya kushinda, zote kumi kushinda pamoja ni kama mkeka mmoja katika mia, na huo mmoja unalipa kama mara 58 ya dau. Weka mikeka mia ya elfu moja moja, laki nzima, kwa wastani utarudishiwa kama elfu hamsini na saba. Lakini mwanangu, kijana wako anasoma uhasibu! Hesabu hiyo anaijua kuliko mimi na wewe. Angekuwa anaumwa ujinga, darasa lingemponya.

Kinachosaidia ni mazungumzo ya tiba na mtaalamu, yale ya kumfundisha kuvitambua vichocheo vyake na kufanya kitu kingine tamaa inapopanda, na pamoja nayo kumwekea vizuizi kati yake na pesa. Aanzie ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Wengi huiogopa wakidhani ni ya kufukuza watu, lakini hao ndio wanaoweza kumshikia mkono asipoteze mwaka, na kumuelekeza hospitali. Kwaya aendelee nayo, na mchungaji akiombea, aombee. Ila wakisema ni pepo tu na atoke hapo na simu ile ile mfukoni, bado hamjafanya kitu.

Vizuizi navyo viwe vya kweli. Najua utakachofikiria: nimnunulie kitochi. Kitochi ni hatua, lakini kubeti kwa kubonyeza nyota na reli kunawezekana hata kwenye kitochi, kwa hiyo usilale usingizi hapo. Aiandikie kila kampuni aliyobeti nayo kuomba akaunti yake ifungwe, na akuonyeshe majibu. Kabla bumu lijalo halijaingia, mkubaliane kwa maandishi: siku hiyo hiyo analipa kodi ya chumba, linalobaki linakuja kwako, na wewe unamtumia ya chakula kila Jumatatu. Hilo ni lazima alikubali yeye mwenyewe. Ukimnyang'anya kwa nguvu atakutafutia njia ya pembeni, na njia za pembeni ni nyingi. Wiki ya bumu aje alale kwako. Mitihani ikiisha pia, maana ule muda wa kukaa bure unawaponza wengi.

Mpira? Simkatazi mwanaume wa Mbeya mpira. Lakini kibanda umiza chenye watu thelathini, kila mmoja na mkeka wake, kwa sasa si mahali pake. Akitaka mechi, nendeni wote Sokoine, simu ibaki nyumbani. Wenzake wa chumba nao waambiwe, angalau mmoja anayemwamini. Nakuhakikishia getoni humo hayuko peke yake. Wakipatikana wawili wanaotaka kuacha, wakutane kila wiki waambiane ukweli, watakuwa wamepata kitu ambacho wewe dada huwezi kumpa.

Mama aambiwe. Lakini asiambiwe na wewe, na isiwe kwa simu. Miti ile mama aliipanda mwenyewe, akaipalilia, akaizungushia barabara ya moto kila mwaka, kisha akaiuza ikiwa bado michanga, kwa bei ya hasara. Ana haki ya kukasirika akiwa anamwona mwanawe usoni. Mpe mdogo wako muda, tuseme kabla ya mwisho wa mwezi huu, mpande basi wote hadi Mafinga, aseme kwa mdomo wake na ile karatasi mkononi, wewe umekaa pembeni yake. Ila akiwa na mawazo ya kujiua, safari isubiri kwanza apate daktari. Na akipitisha tarehe bila kusema, utasema wewe, na mwambie hivyo tangu leo ili baadaye asikuone umemsaliti.

Na wewe ukubali kukosewa tena. Huenda atateleza mara nyingine. Ukimwona anakwepa macho, anaomba "elfu kumi ya fotokopi" mara mbili kwa wiki, au amekesha bila sababu, muulize mapema na bila kumfokea. Akikupigia usiku akisema wanaomdai wako mlangoni na anahitaji pesa sasa hivi, mwambie aje kwako na ile karatasi, chakula kipo, pesa haitumwi.