Maswali ya Wasomaji: Joka lisilokufa, mapiko, na kitabu cha kurasa 32

Mhariri, salaam. Ninafundisha sekondari hapa Masasi. Nimetunga mchezo wa kuigiza wa mezani: wachezaji wanne ni mabaharia wanaotafuta hazina kwenye magofu ya Songo Mnara, na mtu wa tano ndiye msimulizi. Anayepigana anarusha dadu mbili za ludo. Akipata 8 au zaidi amempata adui, kisha anarusha dadu moja kujua amemuumiza kiasi gani. Joka la mwisho lina uhai 40. Pambano linakula saa nzima na vijana wanaanza kupiga miayo. Nipunguze nini? Nimeambatanisha kanuni zote.

Mwalimu, chukua kalamu tupige hesabu. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, na zinazotoa 8 au zaidi ni 15 tu. Pigo linalompata joka linamuumiza kwa wastani wa 3.5. Zidisha 3.5 kwa 15, gawanya kwa 36: kila mrusho unamega uhai usiofika hata 1.5. Kumaliza uhai 40 unahitaji mirusho kama 27, yaani wachezaji wanne wazunguke karibu mara saba, na zaidi ya nusu ya mirusho hiyo msimulizi anasema neno moja: “Umekosa.” Hilo “umekosa” ndilo linalowachosha, kuliko hata urefu wa pambano.

Ukiongeza nguvu ya pigo peke yake, kukosa kutabaki palepale. Wape wote nyongeza ya 2 kwenye jumla ya dadu mbili wanapotumia silaha waliyoizoea. Sasa matokeo 26 kati ya 36 yanafaulu na wastani unapanda hadi 2.5 kwa mrusho. Shusha uhai wa joka hadi 20. Hapo ni mirusho minane, mizunguko miwili, basi. Halafu andika kanuni kwamba anayekosa lazima abadilishe hali: mwenge unazimika, joka linaziba mlango, maji ya bahari yanapanda hadi magotini. Asipite mchezaji hata mmoja bila jambo kutokea.

Kuna kosa la pili ambalo hukuliuliza, nalo ni kubwa kuliko la joka. Kwenye ukurasa wa 4 umeandika kwamba ramani iko chini ya ngazi na anayeitafuta lazima apate 9. Matokeo ya 9 na kuendelea ni 10 kati ya 36. Hata wote wanne wakijaribu, zaidi ya kundi moja kati ya manne litatoka mikono mitupu, na bila ramani mchezo wako hauna pa kwenda. Kitu ambacho safari haiwezi kuendelea bila hicho kisifungwe kwa dadu. Ramani waipate. Dadu iamue wameipata kimyakimya au wameamsha kilicholala ndani ya ukuta.

Ukimaliza kurekebisha, usiendelee kuusimulia wewe. Mpe mwalimu mwenzako karatasi, akusanye wanafunzi wengine, wewe kaa pembeni na daftari na usifungue mdomo hata wakikosea. Kila swali wanaloulizana liandike, pamoja na ukurasa waliokuwa wanautafuta. Wakishindwa, usilaumu akili zao. Hiyo kanuni bado iko kichwani mwako, haijafika kwenye karatasi. Na kama dakika 30 zimepita dadu ya kwanza haijarushwa, maelezo ya mwanzo ni marefu mno.

Shikamooni. Niko Lindi mjini, nina miaka 22, nasaidia dukani kwa mjomba. Mwaka mzima mimi na wenzangu tumecheza mchezo wetu kila Jumamosi, na sasa naugeuza riwaya. Nimefika sura ya 6. Kila anayesoma anasema hajui amfuate nani. Na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii?

Marahaba. Mezani wahusika wanne wanagawana nafasi sawa kwa sababu kuna binadamu wanne wanaosubiri zamu zao. Msomaji hana zamu anayoisubiri. Chagua mmoja, yule ambaye uamuzi wake unamgharimu zaidi, tukae upande wake tangu ukurasa wa kwanza. Mpiga mishale na mpelelezi wako wanafanya kazi ileile. Waunganishe wawe mtu mmoja. Itakuuma, maana mmojawapo ni wa rafiki yako, lakini fanya hivyo.

Jambo jingine ni sababu. Mezani dadu ikisema kamba imekatika, imekatika, na wote mmeona. Kitabuni hakuna dadu. Kamba hiyo inabidi tuwe tumeiona ikisagika kwenye ncha ya jiwe kurasa tatu kabla, na shujaa ameiona akanyamaza.

Tazama sentensi yako: “Mganga alitumia nguvu mbili zilizobaki akamponya.” Hizo ni alama za kwenye karatasi ya mchezo. Msomaji hahitaji idadi, anahitaji bei. Tuseme kila tiba inamla mganga kumbukumbu moja. Basi: “Damu ilikata. Mganga akageuka kumwita mwanawe aliyesimama mlangoni, akafumbua mdomo, na jina halikuja.” Sasa tunajua tiba inayofuata itakuwa na uchungu, na hukutaja namba hata moja.

Kuhusu riziki: Ed Greenwood wa Kanada alianza kuibuni dunia yake ya Forgotten Realms utotoni, miaka ya 1960, kwa ajili ya hadithi zake. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ulitoka mwaka 1974, na dunia ya Greenwood ikachapishwa kama mandhari ya mchezo huo mwaka 1987. Riwaya zake amezitunga nyingi, na bado kwa miaka mingi alikuwa mfanyakazi wa maktaba. Kwa hiyo usimuage mjomba. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 80,000 katika wiki 32. Hiyo ni rasimu kamili ya riwaya, na duka halijafungwa.

Mimi ni binti wa Newala. Natunga mchezo wa kifantasia na nataka adui mkuu awe lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde anayevaa kinyago (wakiwa wengi ni mapiko). Kuna ubaya?

Tunakushauri usifanye hivyo, dada. Mapiko hucheza wakati wa jando na unyago, na yako mambo yake ambayo wasiopitia hawaambiwi. Ukiyageuza jini la kuuawa kwa dadu utawaumiza watu wa nyumbani kwako, na siri utakazozibahatisha zitakuwa za uongo. Ngoma inayochezwa hadharani ni jambo jingine: muulize mzee mwenye nayo, naye atakuambia mpaka uko wapi.

Tena mali nyingine unayo tele. Vinyago vya shetani vya Wamakonde vilichongwa vitazamwe na kila mtu, na kila mchongaji huzua umbo lake. Nawe zua lako. Au nenda Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msafara wa watu waliobeba mfupa wa paja uliowazidi kimo, na usiku mfupa unaanza kupata joto: huo ni mwanzo wa mchezo.

Niko Nachingwea. Mchezo wangu umekamilika, nataka nakala 40 za kuuza. Nianzie wapi, na haki yangu nailindaje?

Kunja karatasi za A4 katikati. Kila moja inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukiwa na 30, mbili zitabaki nyeupe. Kurasa 32 ni karatasi 8, nakala 40 ni karatasi 320, rimu moja inatosha na chenji inabaki ya kuharibu. Jalada liwe manila. Acha sentimita 1.5 upande wa mkunjo, la sivyo maneno yatamezwa. Stepla ya kawaida haifiki katikati: ifungue, tandika boksi chini, piga pini, kisha zikunje kwa mgongo wa kijiko. Karatasi za ndani zitachungulia nje. Zikate kwa wembe na rula ya chuma baada ya kupiga pini, si kabla. Chapisha kwa printa ya leza, maana wino wa maji unachuja vidole vikiwa na jasho.

Dadu ya pande 20, ile inayotumika kwenye Dungeons & Dragons, si bidhaa ya duka la mtaani, hivyo kanuni zako zitegemee dadu za ludo. Asiye nazo atumie vikaratasi sita kwenye kikombe, na kila kikitoka kirudishwe, vinginevyo uwezekano unabadilika.

Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, maandishi yako yanalindwa tangu ulipoyaandika, uhai wako wote na miaka 50 baada yake. Kuyasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kinacholindwa ni maneno na michoro yako; wazo la kurusha dadu mbili na kujumlisha ni la kila mtu.