Usisubiri Ganzi Iishe Ndipo Umpe Mtoto Dawa

Wiki iliyopita mama mmoja wa Koboko aliniandikia kwamba mwanawe wa miaka minane anapelekwa Kampala kupasuliwa goti, naye anaogopa kukubali sindano ya kuzuia neva, yaani ya kutia ganzi mshipa wa fahamu wa mguu, kwa sababu jirani amemwambia kuwa inapoozesha mguu. Dada yangu, ikubali.

Binti yangu amepasuliwa magoti yote mawili, kwa kuwa pia za magoti yake, vile vifupa vya mbele, zilikuwa zikihama. La kwanza lilipasuliwa bila sindano hiyo, na usiku kucha aliuma pindo la kitenge changu ili asiwaamshe watoto wengine wodini. Kitenge hicho ninacho hadi leo, kimetoboka pale alipouma.

La pili lilipasuliwa mwezi Machi, na daktari wa usingizi alinieleza kila hatua: mtoto hulazwa kwanza kwa nusukaputi, dawa ya usingizi wa upasuaji, kisha neva ya paja hutafutwa kwa ultrasaundi, na dawa ya ganzi, iliyopimwa kwa uzito wake, humiminwa kando ya neva wala si ndani yake. Mguu huweza kulegea kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtoto asisimame peke yake, lakini nguvu hurudi, na madhara ya kudumu ni nadra sana.

Aliamka akiomba chai na chapati. Jioni muuguzi alipoleta parasetamoli nilimwambia airudishe, mtoto haumwi. Saa tisa usiku ganzi iliisha, maumivu yote yakamshukia kwa pamoja, na dawa ya kumeza haitulizi papo hapo. Nilimshika mkono nikijua kwamba safari hii aliyemtesa ni mimi.

Wazazi wenzangu, mtoto anayecheka kitandani asiwadanganye. Sindano moja hudumu nusu siku hivi, pengine hadi siku nzima. Mpeni parasetamoli, na ibuprofeni daktari akiiruhusu, kwa saa zake, hata ikibidi kumwamsha. Msimpe kodeini, dawa nyingine ya maumivu, iliyobaki nyumbani, kwani haifai kwa watoto walio chini ya miaka 12. Mkiandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ambayo hapa Uganda hutengenezwa nchini, msiikatae kwa kuogopa jina lake, bali fuateni kipimo mlichopewa.

Nawe dada wa Koboko, kabla mwanao hajaingizwa chumba cha upasuaji, muulize daktari ganzi itaisha saa ngapi, kisha utege kengele ya simu ilie muda wa saa mbili kabla ya hapo, umpe dawa.