Nyayo za kaboni hupimwaje?

SWALI: Nasikia watu wakitaja "nyayo za kaboni". Ni nini hasa, na zinapimwaje ilhali moshi hauwekwi kwenye mizani?

JIBU: Ni jumla ya gesijoto (gesi zinazonasa joto angani) zinazotokana na shughuli zako, kwa kilo au tani za kaboni dayoksaidi. Mizani haihitajiki: chukua kiasi cha nishati ulichotumia, ukizidishe kwa kigezo cha utoaji gesi, yaani kilo za kaboni dayoksaidi zinazotolewa kwa kila kipimo cha nishati hiyo. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3. Usishangae kwamba lita yenyewe haifiki hata kilo 1. Kila gramu 12 za kaboni hunasa gramu 32 za oksijeni kutoka hewani, na uzito wa ziada ndio huo. Basi lita 40 kwa mwezi ni kilo 92.

Methani, ambayo ni gesijoto nyingine, hubadilishwa kwanza kihesabu: kilo 1 huongeza joto sawa na takriban kilo 28 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100.

Wengi hukosea kwenye umeme. Uniti 1 (kWh) ya umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1, ya upepo kidogo mno, kwa hiyo tumia kigezo cha gridi yako, yaani mtandao wa umeme unaokuhudumia, cha mwaka uleule. Na mkipanda gari watu 4, gawanyeni kwa 4. La sivyo safari moja itahesabiwa mara nne.