Kijana wa stoo, bahasha ya soda, na karani wa majini aliyejifunza tebo akiwa mtu mzima

Jumanne nimepokea ujumbe wa kijana mmoja, kaajiriwa boharia, yaani mtunza stoo, kwenye halmashauri fulani, ana miezi mitatu tu kazini, anauliza mambo mawili. La kwanza, kaka nifanyeje nisije nikaingia kwenye hoja za wakaguzi. La pili kaliandika kwa aibu aibu, kwamba kuna mzabuni kamwachia bahasha mezani, eti ya soda, na hajui aipeleke wapi. Nilicheka, halafu kicheko kikakata, maana huyo ni mimi kabisa wa mwaka 2013.

Naanza na yangu kwanza, mtanivumilia, bado inaniuma.

Kipindi hicho nilikuwa stoo kwenye taasisi moja, sitaitaja. Tuliagiza mbao za kupaulia madarasa, inchi mbili kwa nne za futi 12, jumla 640. Lori likaingia Ijumaa saa kumi na moja jioni, dereva ananuna, bosi kwenye simu anasema pokea tu, watu wanasubiri mzigo. Na mimi si ndo nilijiona makini, nikahesabu moja moja mpaka giza likaingia nikamulika na tochi ya simu, 640 kamili, nikasaini kwa mbwembwe. Sasa palikuwa na fundi mzee pale anasubiri mbao zake, akaokota moja akaipitishia kidole gumba pembeni akaniambia, "Mwanangu, hii sio mbili kwa nne hii." Nikamjibu mzee wangu, mimi ndo nimesomea ugavi. Yaani hilo jibu nikilikumbuka usiku nageuka upande wa pili.

Miezi saba baadaye wakaguzi wakaja na futi kamba. Mbao 90 zilizobaki stoo zote inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, nyingine hata futi 12 hazifiki. Kamati ya mapokezi walikuwa wamesaini wakiwa maofisini kwao, hawajaiona hata mbao moja, lakini siku ya maswali wote wimbo mmoja, tulimwamini boharia. Nikakatwa mshahara miezi 18 nikahamishiwa masjala.

Masjala kwetu kazi ilikuwa kama hamna, faili tatu kwa siku, muda uliobaki nasoma kwenye simu. Ndo nikakutana na Bodi ya Jeshi la Majini la Uingereza, na toka siku hiyo mke wangu anasema kaletewa mke mwenza wa miaka ya 1600.

Ukisikia jeshi la majini la Uingereza unawaza mizinga na makapteni. Kumbe hiyo ni nusu ya habari. Meli iende vitani wapi na nani awe kapteni, hayo yalikuwa ya ofisi ya Admiralty. Lakini nani ananunua mlingoti? Nani anaajiri maseremala wa gati za Deptford, Woolwich, Chatham na Portsmouth, nani anatafuta nyuzi za kusokotea kamba, lami, vitambaa vya matanga, nani anamlipa baharia meli ikirudi? Hiyo ndo ilikuwa Bodi, ilianzishwa 1546 enzi za mfalme Henry wa Nane, ikafutwa 1832 kazi zake zikaingizwa Admiralty. Karibu miaka 300 ya kununua, kupokea, kutunza na kulipa. Sisi watu wa ugavi hao ni babu zetu, tena hamna anayewasifia.

Mwaka 1660 wakamleta karani mpya wa bodi, Samuel Pepys, miaka 27, mtoto wa fundi cherehani, kazi kapewa kwa sababu ya ndugu yake wa ukoo mwenye cheo serikalini, Edward Montagu. Eeh, kubebana hakukuanza kwetu. Meli hajui, mbao hajui, kamba hajui. Na huyu ni msomi wa Cambridge, lakini Julai 1662 anaandika kwenye shajara yake kwamba kaanza kufundishwa hesabu na bwana Cooper, msaidizi kwenye meli ya Royal Charles, na somo la kwanza ni tebo ya kuzidisha! Mtu mzima, ana mke, ana mshahara wa pauni 350 kwa mwaka, anaamka saa kumi alfajiri kukariri mara saba mara nane. Mimi niliona aibu kumuuliza fundi aliyesimama pembeni yangu na futi yake mfukoni, yeye hakuona aibu kufundishwa na baharia.

Hapo sasa ndo pakanichoma. Mwezi uliofuata, Agosti, anakwenda msituni Waltham na Anthony Deane, fundi wa meli wa Woolwich, anaonyeshwa jinsi mfalme anavyoibiwa kwenye magogo. Gogo halijachongwa likawa na pembe nne sawasawa, kona zina mviringo, lakini linapimwa na kulipiwa kama limekamilika. Miaka 350 kabla ya lori langu. Kidole gumba cha yule mzee kilikuwa kinaniambia kitu hichohicho. Pepys akajinunulia rula maalum ya kupimia mbao akaanza kuzunguka nayo gatini, na wauzaji hawakufurahi hata kidogo.

Kwa hiyo mdogo wangu swali lako la kwanza jibu ni hilo, pima mwenyewe. Usihesabu tu, pima. Kama ni mabati pima geji, kama ni kebo angalia unene wa waya ndani, kama ni karatasi fungua rimu. Hujui kupima, tafuta anayejua hata kama kavaa kandambili.

Halafu tia alama mali yako. Bodi walikuwa na matatizo ya wizi ambayo ungedhani ni ya stoo ya kwetu, basi kamba za mfalme zikawa zinasokotwa na uzi mweupe ndani uliogeuzwa kinyume na nyuzi zingine, ukimkamata mtu nayo mtaani hana pa kukimbilia, unaikata unauona. Turubai za matanga mstari wa bluu katikati, vitu vingine alama ya mshale. Ikawa mpaka sheria, miaka ya 1690 mwishoni, kukutwa nazo tu ni kosa. Mimi sasa hivi nina kopo la rangi ya zambarau na kila koleo linalotoka stoo lina doa. Wananicheka. Kwenye vipande vya mbao lakini hata wao walishindwa, maseremala wa gati waliruhusiwa kubeba nyumbani mabaki, ikawa mbao nzima zinakatwa makusudi ili zigeuke mabaki, biashara hiyo ilikuja kufutwa 1801 wakapewa hela badala yake.

Na tunza karatasi, hii nasema kwa uchungu. Juni 1667 Waholanzi waliingia mto Medway wakachoma meli, wakaikokota ileile Royal Charles ya mwalimu wake wa tebo mpaka kwao. Serikali haikuwa na hela, mabaharia walikuwa wanalipwa vikaratasi vya ahadi ambavyo wanaviuza kwa hasara mtaani, na Pepys kaandika kwamba walisikika Waingereza ndani ya meli za adui wakipiga kelele kuwa zamani walipigania vikaratasi, sasa wanapigania dola, yaani hela taslimu ya Waholanzi. Bunge likataka mtu wa kubeba lawama. Machi 5, 1668 akasimama mbele yao na kumbukumbu zake akaongea kama masaa matatu, na akatoka salama (kwa uaminifu wote niseme alipiga na pombe kidogo kabla ya kuingia). Mimi siku yangu mbele ya kamati nilikuwa na karatasi moja, yenye sahihi yangu.

Bahasha sasa. Huyu Pepys sio malaika, usije ukamchukua mzima mzima. Aprili 1663 alipewa barua na kapteni mmoja aliyepata kazi kupitia kwake, akajua kabisa humo ndani kuna hela, basi akaifungua akamwaga kwanza hela zote bila kuchungulia, ndo akaisoma, ili siku akiulizwa aweze kusema hakuona hela ndani ya barua. Kipande kimoja cha dhahabu na pauni nne za fedha. Nilipoisoma nilicheka masjala nzima ikageuka, maana ujanja huo nimeuona kwa macho yangu, mtu anafungua droo kwa goti anaangalia dirishani. Wewe ya kwako irudishe leo, mbele ya mtu, na uandike tarehe. Ukiichukua, lori lijalo hutaweza kutoa futi mfukoni, utaanzaje?

Mzabuni wangu wa mbao bado anashinda zabuni. Wiki iliyopita nilimwona nje ya benki, kapaki gari jipya, akanipungia mkono. Nikampungia.