Mshahara wa shamba Marekani mmeuliza, bima hamjauliza

Ndugu zangu mlio nyumbani, swali linalorudi kila mara ni hili: kibarua wa shamba huku Marekani analipwa ngapi kwa saa? Pesa ipo, ila kazi hii inaua. Mwaka 2022, kilimo, misitu na uvuvi kwa pamoja vilipoteza wafanyakazi 18.6 katika kila 100,000. Ukichukua kazi zote nchini, ni 3.7.

Kwenye majimbo ya mahindi kama Iowa na Illinois, hata nafaka yenyewe humeza watu. Ghala ni pipa la chuma lenye urefu wa ghorofa kadhaa. Mahindi yakiingizwa na unyevu hushikana na kufanya ukoko juu. Skrubu kubwa ya chini, inayotoa mahindi nje, ikiyavuta, panabaki pango. Mtu anaingia na mti kuvunja ukoko huku skrubu inazunguka, ukoko unakatika. Ndani ya sekunde 4 au 5 magoti yamezama, hajitoi tena. Sekunde 20 hivi, amefunikwa. Kumvuta kwa kamba kunaweza kumvunja mgongo. Waokoaji humzungushia vibao imara, huchota mahindi yaliyomo ndani ya mzunguko huo, na hukata ukuta wa ghala pande tofauti nafaka imwagike. Kwa hiyo kabla ya kuingia, skrubu izimwe, swichi ipigwe kufuli, ufunguo akae nao anayeingia. Avae mkanda wa mwili wenye kamba ya kumzuia asizame, na mwenzake abaki mlangoni akimwona. Bosi akisema hakuna muda, bora kufukuzwa.

Shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine inayovutwa, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde, na huweza kuvuta mita mbili za nguo kwa sekunde hiyo moja. Kamba ya sweta inatosha kuondoka na mkono. Kifuniko chake cha plastiki kikipasuka, mashine isiwashwe. Trekta nayo iwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva ikipinduka, na mkanda ufungwe. Bila mkanda fremu haimsaidii sana.

Sasa hasara. Mkono ukikatika, hela ya kutuma nyumbani inakatika siku hiyohiyo, bili za hospitali zinaanza. Bima ya ajali kazini hulipa matibabu, na kwa kawaida theluthi mbili hivi ya mshahara, lakini baadhi ya majimbo yanayaachia mashamba madogo yasiikate, na Texas kwa kawaida haimlazimishi mwajiri binafsi. Wakaguzi wa OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, nao hawafiki shamba lenye wafanyakazi 10 au pungufu lisilo na kambi ya vibarua. Anayekuja kwa viza ya H-2A, ile ya vibarua wa msimu wa shamba, mwajiri analazimika kumkatia. Na katika majimbo mengi, hata asiye na karatasi ana haki ya kulipwa akiumia. Wengi hawajui hili, wananyamaza na vidonda vyao.

Akiumia, atoe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, abaki na nakala, na mtu apige picha mashine kabla haijatengenezwa.