Kabla ya Kununua Wino wa Ziada, Muulize Mchoraji Alitumia Rangi Gani

Wachoraji wanaoniletea kazi zao nizichapishe hulalamikia jambo lilelile: mbona rangi yangu ya machungwa imefifia? Mara nyingi printa haina kosa. Wino wa sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi peke yake una mipaka yake, na rangi zinazobaki nje ya mipaka hiyo ndizo hasa wachoraji wanazozipenda: machungwa ya kadmi, urujuani uliokolea, baadhi ya kijani. Majenta na njano vikichanganywa hutoa machungwa, sawa, lakini yaliyopoa.

Printa za wino wa pigmenti zenye rangi kumi au zaidi husaidia sana hapo. Baadhi zimeongezewa machungwa, kijani na urujuani, nyingine nyekundu na buluu. Karibu zote zina wino wa kijivu wa ngazi mbili, kilichokolea na hafifu, na mimi hicho kijivu ndicho ninachokisifu kuliko vyote. Bila hicho, printa hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi tatu, na mchanganyiko ukiyumba kidogo tu, kivuli cha shavuni kinageuka cha kijani au cha waridi. Mtu anaweza kusamehe machungwa yaliyopoa. Uso wa mgonjwa hausameheki.

Pigmenti ni chembe ngumu zinazoelea ndani ya kimiminika, haziyeyuki humo kama rangi za wino wa kawaida. Kwa sababu hiyo hustahimili mwanga zaidi. Kwa sababu hiyohiyo hutuama na kuziba matundu ya printa iliyokaa bila kazi, kwa hiyo chapisha chochote kila wiki, hata ukurasa wa majaribio.

Kabla sijapiga picha ya mchoro, namuuliza mchoraji majina yaliyoandikwa kwenye tyubu zake. Si udadisi wa bure. Buluu ya kobalti na altramarini huakisi wekundu wa mbali ambao jicho letu halijali, ila kamera nyingi huudaka, na anga ya buluu inaingia kwenye faili ikiwa na uzambarau. Kosa hilo halirekebishwi na wino wowote, hata wa bei mbaya. Mimi hukata kipande cha anga kwenye faili, nakichapisha kidogo, nakiweka bega kwa bega na mchoro wenyewe, kisha naigusa buluu peke yake mpaka zilingane. Ukivuta rangi za picha nzima, utaponya anga na kuua ngozi.

Rangi za dhahabu, za fedha na zile zinazowaka kama koti la askari wa barabarani, mwambie mwenye kazi mapema kwamba hazitatoka. Ni afadhali anune mwanzoni.

Karatasi nayo ina neno lake. Nyeusi kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa haifikii kina cha ile ya kung'aa, kwa hiyo mchoro wa mafuta uliopakwa vanishi naupeleka kwenye ya kung'aa, wa rangi za maji kwenye pamba. Karatasi yenye weupe wa kupindukia naikwepa: ina ving'arishi, yaani kemikali za kuongeza weupe, na vikichoka inaanza kuwa ya njano. Halafu profaili, lile faili linaloiambia printa namna ya kutoa rangi, iwe ya karatasi hiyohiyo na wino huohuo. Ya karatasi "inayofanana" ni kubahatisha.

Usihukumu chapa ikiwa mbichi. Iache ikauke usiku kucha, kisha itazame chini ya taa ya kelvini 5000, yaani nyeupe inayokaribia mwanga wa mchana, halafu chini ya taa ya aina itakayotumika pale itakapotundikwa. Rangi mbili zinaweza kulingana kwenye taa moja na kukosana kwenye nyingine, na mteja atakuja na malalamiko ya hiyo ya pili.

Mchoraji akiridhika, namwomba atie saini kwenye kipande cha majaribio, nami naandika nyuma yake jina la karatasi, wino na profaili. Akirudi kutaka nakala nyingine, faili pekee halitoshi.