Cheti kimoja, mishahara miwili: naonewa?

SWALI: Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, Chang'ombe. Nina cheti cha VETA, kazini nina miaka mitano, na mshahara wangu wa msingi ni 600,000. Mwenzangu niliyesoma naye yuko kiwanda cha vinywaji, anasema anapata 900,000. Je, naonewa? (Fundi, Temeke)

JIBU: Fundi, kwanza mwombe akuonyeshe slipu. Vijiweni watu hutaja mwezi ulionona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Kwa msingi wa 600,000, saa moja ni kama 3,077 na ya ovataimu 4,615. Akipiga saa 40 za ziada, ameshaongeza takriban 184,600. Shifti za usiku nazo zina nyongeza ya asilimia 5. Kwa hiyo anaweza kukaribia 800,000 huku saa yake ikilipwa sawasawa na yako.

Kinachobaki ndicho tofauti halisi, na hapo cheti hakisemi sana. Mwajiri anapiga hesabu mbili: mtambo ukisimama anapoteza kiasi gani, na wewe ukiondoka atapata mwingine haraka kiasi gani. Wa kufunga taa na soketi Dar wamejaa. Anayeweza kufungua programu ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, saa nane usiku, laini ya chupa imegoma, huyo anatafutwa kwa tochi. Miaka mitano ya kurudia kazi ileile haikuongezei thamani kama unavyodhani, samahani kwa kusema hivyo.

Uliza pia kama kwao kuna chama cha wafanyakazi chenye mkataba wa hali bora. Penye mkataba huo, nyongeza na posho zimeandikwa. Pasipo nao, kila mtu anajadiliana kivyake, na mwoga hulipwa kiwoga. Kima cha chini cha serikali ni sakafu ya sekta, hakitakusaidia kwenye mjadala huu.

Kisheria, viwanda viwili tofauti havilazimiki kulipa sawa. Ingekuwa ndani ya kiwanda chako, mwanamke na mwanaume wenye kazi ya thamani moja wanalipwa tofauti, hilo ni la kupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wewe anza kuandika kila hitilafu uliyotengeneza na saa ulizookoa, kisha ingia nayo ofisini kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.